Kumbukumbu ya baba imetugawa: tuanze na sherehe au na madeni aliyoyaacha?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mtoto wa pili katika familia ya watoto watano, nimeolewa na ninaishi Tabata. Baba yetu, aliyekuwa na yadi ya mbao Keko kwa zaidi ya miaka 30, alifariki mwaka jana kwa maradhi ya figo, na mwishoni mwa mwezi ujao atatimiza mwaka mmoja. Maandalizi ya kumbukumbu yake yameleta mgawanyiko ambao sikuwahi kuuona nyumbani kwetu wakati wa uhai wake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa kanisani, kazi ambayo mpaka sasa imenishinda.

Baba alikuwa Mbena wa Njombe na Mlutheri wa kuzaliwa. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akaanza kwa kusukuma mkokoteni wa mbao za watu, kisha akawa anauza paini zilizotoka Mafinga, na baadaye akaongeza mninga na mkongo kwa ajili ya mafundi wa samani. Mteja akitaka mbili kwa nne za kenchi, baba alipima kila ubao mbele yake, na usiotimia inchi aliutoa pembeni hata kama mteja mwenyewe hakuja na futi. Mtu akitaka kutengeneza mlango wa nje kwa mbao ambazo hazijakauka, alimwambia zitapinda, arudi baada ya wiki kadhaa au akanunue kwingine. Jumapili yadi ilifungwa, hata zile za Desemba ambazo kila fundi anakimbizana na kazi za sikukuu. Usharikani alikuwa mzee wa kanisa kwa vipindi viwili, na siku ya mnada wa mavuno alikuwa na mtindo wa kununua trei la mayai kwa bei ya juu, akalirudisha mezani linadiwe tena. Jioni alikula nasi. Lori la mzigo likichelewa alimpigia mama simu ili tusimsubiri, na akirudi usiku alipita chumba kwa chumba kuhakikisha kila neti imechomekwa.

Wakati wa matanga walikuja mafundi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakatuambia kwamba ada za sekondari za watoto wao zililipwa na baba. Hata mama hakujua.

Sasa tatizo lenyewe. Kikao cha ukoo kilimpendekeza mdogo wangu wa kiume awe msimamizi wa mirathi, na mahakama ikamteua. Kamati ya kumbukumbu, kwa upande wake, inaongozwa na baba mdogo, naye ameandaa bajeti ya shilingi milioni 14: mahema, wapishi, sare za kitenge, mpiga picha za video, nusu ukurasa wa gazeti, na kaburi la marumaru. Michango kupitia kundi la WhatsApp imefikia milioni 5, na baba mdogo anataka pungufu litoke kwenye akaunti ya yadi. Mdogo wangu amekataa, kwa kuwa baba aliacha deni la milioni 11 kwa mfanyabiashara wa Mafinga aliyekuwa akimpa mzigo kwa mali kauli, na mpaka sasa tumelipa chini ya nusu. Baba mdogo amemwita bahili mbele ya wajomba, akasema kaka yake hawezi kukumbukwa kwa chai na maandazi. Mama anataka ibada na chakula cha kawaida tu, lakini hapendi kubishana na shemeji yake.

Lipo pia daftari la baba la mafundi waliochukua mbao bila kulipa. Pale makaburini Kinondoni, alikozikwa kwa kauli yake mwenyewe ingawa ukoo ulitaka apelekwe Njombe, ilitangazwa kama desturi kwamba anayedai na anayedaiwa waonane na familia. Baadhi walikuja, wengi hawakuja. Baba mdogo anapendekeza majina yasomwe siku ya ibada.

Kuhusu wasifu, kamati imenipa rasimu inayosema baba alikuwa "baba wa mfano, mfanyabiashara mashuhuri na Mkristo mwaminifu ambaye hakuwahi kukosana na mtu." Kaka yetu mkubwa amesema sentensi hiyo ikisomwa atatoka nje. Alipokataa kufanya kazi yadini akaenda kusomea ualimu, baba alikaa miaka kadhaa bila kuzungumza naye, na hakuhudhuria hata harusi yake. Walipatana baba alipokuwa tayari anasafishwa damu. Sitaki kumdhalilisha baba yangu mbele ya usharika wake, wala sitaki kusoma jambo ambalo kaka yangu anajua si kweli. Niandike nini, na katika haya mengine nani mwenye neno la mwisho?

Ni mimi, Binti wa Keko, Dar es Salaam.

*

Marahaba, mwanangu, na poleni wote nyumbani, hasa mama.

Nianze na fedha, kwa sababu muda uliobaki ni mfupi na hapo ndipo mnapoweza kuharibu jambo lisilorekebishika. Mdogo wako hakatai kwa ubahili. Tangu siku mahakama ilipomteua, fedha zilizomo katika akaunti ya yadi zimekuwa mali ya marehemu iliyo mikononi mwa msimamizi, na hakuna kamati, mwenyekiti wala mwanaukoo mwenye mamlaka ya kuzipangia matumizi, hata kama nia yake ni njema kiasi gani. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inamtaka msimamizi awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 6 tangu kuteuliwa, na hesabu ya alichokusanya na alichotoa ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, orodha hiyo hujazwa katika Fomu Namba 5 ndani ya miezi 4, na hesabu katika Fomu Namba 6. Gharama za mazishi zinazokubalika kiakili hutolewa katika mirathi, lakini karamu ya mwaka mmoja baadaye si mazishi, na siku mdogo wako atakapoulizwa kwa nini milioni 9 zilikwenda kwenye mahema na video wakati mdai wa Mafinga hajalipwa, baba mdogo hatakuwa amesimama kizimbani pamoja naye. Madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana hata kijiko. Huo ndio utaratibu, na kwa mtu aliyepewa malori ya mbao kwa kuaminiwa tu, nadhani ndivyo yeye mwenyewe angetaka.

Milioni 5 za michango ni jambo tofauti. Hizo zilitolewa na ndugu, majirani na wanajumuiya kwa ajili ya kumbukumbu, kwa hiyo zitumike kwa kumbukumbu, na hesabu yake iwekwe kwenye kundi lile lile walipochangia. Ibada, chakula kwa watu wanaotarajiwa, usafiri wa wazee na sadaka ya shukrani ya familia vinaingia humo bila shida. Marumaru inaweza kusubiri, na ipo sababu ya kifundi: udongo wa kaburi huendelea kushuka kwa muda, na anayeharakisha kujenga juu yake huishia kulipa mara mbili kwa nyufa. Sare za kitenge ningezifuta kabisa, kwa kuwa zinawalazimu ndugu wasio na uwezo kuchagua kati ya kukopa na kuonekana hawakumpenda marehemu. Video nayo, sijui nani huitazama.

Hata hivyo, msimshinde baba mdogo kwa vifungu vya sheria. Umeniandikia jambo moja kwa kulipitia, kwamba marehemu alizikwa Kinondoni wakati ukoo ulimtaka Njombe. Mimi nadhani ugomvi wa bajeti ulianzia pale. Mdogo wa marehemu alirudi nyumbani bila kaka yake, akalazimika kuwaeleza wazee waliobaki kwa nini kaburi halipo kwenye ardhi ya baba yao, na sasa anatafuta jambo kubwa litakaloziba pengo hilo. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha Sura ya 352 ataona mmemnyang'anya kaka yake mara ya pili. Nendeni kwake, wewe na mama, bila mdogo wako, mkamwambie kwamba sehemu ya kwanza ya wasifu haiwezi kuandikwa na yeyote isipokuwa yeye: nyumba waliyozaliwa, shule waliyosoma, aliyewabatiza na kuwafundisha kipaimara, na siku kaka yake alipopanda gari kuja Dar es Salaam. Nyinyi watoto hamkuwapo. Mwombeni aisome mwenyewe kanisani. Kisha mwambieni kwamba mwakani, madeni yakiisha, familia itakwenda Njombe kufanya ibada ya shukrani na wazee wa kule, na mpangeni mwezi palepale ili isionekane ni ahadi ya kumnyamazisha. Baada ya hapo, suala la bajeti litakuwa jepesi kulizungumza, na kama bado ni gumu, mzee wa kanisa aliyefanya kazi na baba yako anafaa kuwa msuluhishi kuliko mjomba yeyote.

Majina ya wadaiwa yasisomwe. Tangazo la makaburini lilikuwa la jumla na lilitosha. Kusoma majina ni jambo jingine. Ibada ya namna hii kwa Walutheri ni ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwafariji waliobaki, na mchungaji yeyote makini atakataa kuigeuza baraza la madai. Tena daftari la yadi lina udhaifu wake: fundi huenda alilipa kidogo kidogo wakati marehemu yuko hospitali na kijana wa yadi hakuandika. Mdogo wako, akiwa na shahidi mmoja, amfuate kila fundi kwenye karakana yake, wapitie daftari pamoja, wakubaliane kiasi na awamu, watie saini. Fedha hizo ndizo zitakazolipa Mafinga. Akikutana na fundi ambaye kweli hana kitu, asimsamehe peke yake, kwa sababu deni hilo ni sehemu ya mirathi na yeye ni mwangalizi tu. Alilete kwa mama na watoto wote, na mkikubaliana kulifuta, mliandike. Lakini mfute baada ya kumlipa mliyemkopa nyinyi, maana ukarimu unaotolewa kwa fedha za mdai si ukarimu.

Sasa wasifu.

Rasimu ya kamati haifai hata kama kusingekuwa na suala la kaka yako, kwa sababu unaweza kubadilisha jina ukaisoma kwenye msiba wa mtu yeyote kuanzia Mbagala hadi Bunju. Wasifu mwingi unaosomwa katika makanisa yetu una ugonjwa huu: kuzaliwa kunapewa mstari mmoja, shule mstari mmoja, kazi mistari miwili, halafu ugonjwa unachukua nusu ya karatasi, na hospitali zote alikolazwa zinatajwa kwa mpangilio, kana kwamba mtu aliishi ili augue. Maradhi ya baba yako yapate sentensi moja, na shukrani kwa waliomuuguza sentensi ya pili. Nafasi inayobaki ni ya maisha yake.

Na maisha hayo umekwisha kuyaandika katika barua yako bila kujua. Hukuniambia kwamba alikuwa mwaminifu. Umeniambia kwamba aliutoa pembeni ubao usiotimia inchi ingawa mteja hakuwa na futi. Watu wa Keko wanajua maana ya jambo hilo, kwani upungufu wa nusu inchi katika kila ubao wa lori zima ni faida ya maana ambayo mnunuzi huigundua akiwa tayari juu ya paa, kenchi zikikataa kukaa sawa. Hukuniambia kwamba aliipenda familia. Umenieleza habari ya simu ya lori lililochelewa na ya neti zilizochomekwa. Andika hayo. Ikikusaidia, anza hivi, kisha uendelee kwa maneno yako:

"Baba yetu aliuza mbao Keko kwa zaidi ya miaka 30. Alipima kila ubao mbele ya mnunuzi, na mbao mbichi aliziita mbichi hata pale alipohitaji kuziuza. Jumapili alifunga yadi, na wateja waliozoea hawakuuliza kwa nini. Katika mnada wa mavuno alinunua mayai asiyoyapeleka nyumbani, jambo ambalo mama yetu alilisamehe."

Kama mama hataki hicho kichekesho cha mwisho, kiondoe, ingawa ninashuku yeye ndiye atakayecheka wa kwanza. Kabla ya kuandika zaidi, kaa naye jioni moja umuulize walivyokutana na alivyokuwa baba yako siku ambazo biashara haikwenda. Kisha uende yadini ukazungumze na wapakiaji wa mzigo, ambao wanamjua bosi wao kwa namna ambayo kamati haimjui. Kurasa mbili zinatosha. Kusanyiko linalokaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, katika joto la Dar es Salaam, halisikilizi ukurasa wa tatu.

Kuhusu ada za watoto wa mafundi, kuwa mwangalifu. Baba yako alificha jambo hilo hata kwa mkewe, na sidhani alificha kwa sababu ya unyenyekevu tu; yawezekana alikuwa akilinda heshima ya mafundi ambao kesho yake wangekuja kujadiliana naye bei. Usitaje majina wala kidokezo kitakachowafanya watu wageuke kuangalia benchi fulani. Waombe ruhusa wale wawili, na wakikubali, sema tu kwamba wapo watoto waliosoma kwa mkono wake na familia ililijua hilo baada ya kumzika. Wasipokubali, liache. Mwenye siri hayupo kuitoa mwenyewe.

Limebaki la kaka yako mkubwa, na hili ndilo lililokufanya uniandikie, ingawa umeliweka mwisho. Huna wajibu wa kuueleza usharika ugomvi wa baba na mwanawe; wasifu si kitubio, na marehemu hana nafasi ya kujieleza. Lakini kutolieleza jambo hakufanani na kusimama madhabahuni na kutangaza kinyume chake. Sentensi ya "hakuwahi kukosana na mtu" ifutwe yote, isilainishwe. Mahali pake unaweza kuandika ukweli ambao kila aliyemjua ataukubali, kwamba alikuwa mtu mwenye msimamo mkali, aliyepanga kwamba watoto wake wangerithi kazi yake, na kwamba kukubali chaguo tofauti kulimchukua muda. Baada ya hapo taja kwa jina kazi ambayo kila mtoto anaifanya, na ualimu wa kaka yako utajwe kwa heshima ileile ya yadi. Wanaojua wataelewa, na wasiojua hawatapata la kusengenya.

Ila usiiandike sehemu hiyo kisha umshangaze nayo kanisani. Mpelekee rasimu nyumbani kwake, mkono kwa mkono na si kwa simu, umwambie kwamba neno lolote linalomhusu ana haki ya kulikata. Anaweza kukata yote, au akataka kuongeza jinsi walivyopatana, kwa kuwa wewe umeniambia tu kwamba walipatana, na mazungumzo yenyewe inaelekea yalikuwa ya wao wawili. Asipotaka kusema chochote, msimshurutishe, wala shangazi asitumwe kumsihi. Na akiamua kutohudhuria ibada, familia isimtolee maelezo mbele za watu.

Neno la mwisho umeuliza ni la nani. La fedha za mirathi ni la msimamizi, chini ya mahakama. La michango ni la kamati. La mpangilio wa ibada ni la mchungaji, na mpelekee wasifu angalau wiki moja kabla, maana yeye ndiye anayejua ataacha dakika ngapi kwa ajili ya Neno. Yaliyobaki yote, kuanzia chakula hadi picha itakayowekwa mbele, ni ya mama yako, na ikiwa hapendi kubishana na shemeji yake, basi wewe na wadogo zako mbishane kwa niaba yake, kwa adabu.

Gazeti, kama michango itaruhusu, litoshe kwa tangazo dogo la kumbukumbu: picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, saa na mahali pa ibada, na majina ya mnaomkumbuka. Mama atangulie, kisha watoto wote watano kwa mpangilio wa kuzaliwa, kaka yako mkubwa akiwa wa kwanza.